Leta na Mwenzake

Ukifika kwa fundi huyu na radio moja ya kusemea mkononi, hakukupa kiti. Aliitazama radio, akakutazama wewe, kisha akachungulia nyuma ya mgongo wako kama mtu anayengojea mgeni wa pili.

"Na mwenzake eko wapi?"

Mimi nilidhani ananiuliza habari za mume wangu. Nikamjibu kwamba yuko shambani, anakata nyasi. Mafundi wa kushona wa ng'ambo ya barabara wakacheka mpaka mashine zao zikasimama.

"Mwenzake ya radio, mama," akasema, bila kucheka. "Radio haigonjwake yeye moya. Inagonjwaka na ule mwenye inasemaka naye. Rudia kwako, leta na mwenzake."

Nikarudi na radio kikapuni, nimekasirika. Wengi wa Kamalondo, mtaa wake mjini Lubumbashi, wana hadithi kama hii. Walinzi wa maduka, madereva, watu wa itifaki wa parokia, wote walirudishwa mara moja kabla ya kupokelewa. Naandika hivyo msomaji asifikiri nilionewa peke yangu. Wala asifikiri kwamba namsifu malaika. Hakuwa malaika. Nataka tu kumwandika sawasawa, kadiri awezavyo mtu aliyeacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, na nikipotea njiani nisamehewe.

Tulimwita Papa wa Foni. Foni ni ile radio kubwa ya zamani yenye waya mrefu juu ya paa, ambayo watu wa Lubumbashi waliitumia kuzungumza na ndugu wa mbali kabla simu za mkononi hazijaja. Yeye aliiendesha kwa miaka mingi katika nyumba moja ya mapadri. Mtu aliyetaka kumjulisha shangazi yake wa Mitwaba kwamba mtoto amezaliwa alikaa kwenye benchi, akangoja zamu yake, akasema habari yake mbele ya benchi zima, maana foni haina siri. Foni zilipokufa, yeye akahamia kwenye radio ndogo za mkononi, zile za kubonyeza kitufe na kusema. Hakutengeneza kila kitu. Kioo kikivunjika au kitufe kikitoka, alikupeleka kwa mwingine. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta: kuifunga radio kwa kamba ya waya kwenye mashine, kusoma kilichoandikwa ndani yake, kutafuta kosa, kisha kuandika upya njia ambazo radio inasemea na kusikilizia. Radio zenyewe zilikuwa za kale, hazitengenezwi tena, na programu zake zilikuwa wazee wenzake.

Lugha ya foni ilimfuata mpaka mezani. Hakusema ndiyo, alisema "affirmatif"; hapana ilikuwa "négatif", na nimesikia ilikuwa "bien reçu". Akimaliza neno lake alisema "à vous", maana yake sasa ni zamu yako, na kabla hajasema hivyo hukuwa na ruhusa ya kufungua kinywa. Nimemsikia mwenyewe akiagiza bukari, yaani ugali, kwa mama anayepika karibu na kwake.

"Bukari na samaki, pilipili pembeni. À vous."

"Bien reçu, papa," mama yule akapaza sauti toka jikoni. "Samaki imeisha. Kuko kuku. À vous."

"Rudilia."

"Kuku, papa! Kuku!"

"Affirmatif."

Kuna jambo lake moja lililoniudhi kuliko yote. Ukianza kumweleza shida yako, alikukata kabla hujafika katikati. Alikutia mkononi moja ya radio zake, akakunyooshea kidole mlango.

"Toka inje. Enda ku kona ya ba tailleur. Semea mule mu radio."

Basi mtu mzima unasimama kona, unasimulia shida zako kwenye radio, yeye amekaa ndani na radio nyingine ameibandika shavuni, na mafundi wa kushona, hao ba tailleur, wanapokea kila neno. Siku nilipomweleza ugomvi wa kwetu, mmoja wao alinifuata mpaka kona na sindano midomoni.

"Mama, rudilia pale pa mbuzi, siye huku hatukusikia muzuri!"

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu kwamba Papa wa Foni ni mtu mwenye majivuno. Nililiamini neno hilo kwa muda mrefu.

Lakini sijasema nilikwenda kwake kwa sababu gani, na hilo lilipaswa kuja mwanzo.

Sisi ni wakulima wadogo wa chama kimoja kilichotugawia mashamba, nje ya mji, upande wa njia ya Kasumbalesa. Nusu yetu tuko chini, karibu na kijito, nusu wako juu kwenye mwinuko. Kampuni moja ya ujenzi ilipomaliza kazi yake ilituachia radio nane, tukagawana: nne chini, nne juu. Kwangu kuna paneli ya jua, kwa hiyo betri zote zinalala kwangu zikijazwa. Ndiyo maana wananiita Mama Chargeur. Radio zile si mchezo. Kiangazi kikikaribia mwisho nyasi zinakuwa kama karatasi, na moto wa pori ukishaamka hauulizi shamba la nani. Simu kwetu inashika hapa, haishiki pale. Radio inawaambia wote kwa mara moja.

Mwaka mmoja moto ulianzia chini. Ilunga, jirani yangu, ndiye aliyeuona kwanza. Aliita. Juu hakujibu mtu. Moto ukapanda, ukala ghala ya Mama Mwape, mjane wa upande wa juu, na ndimu zake zote, miti aliyoipanda na marehemu. Kwenye mkutano watu wa juu wakasema Ilunga alikuwa amelewa, hakuita. Sisi wa chini tukasema tulimsikia akiita. Wakajibu kwamba jirani humtetea jirani. Mwisho wakakata neno: ukweli usipojulikana kabla nyasi hazijakauka tena, Ilunga atarudisha shamba lake kwa chama na radio zitagawanywa, kila mtu na yake.

Niwe mwenye haki: Ilunga hunywa. Siku ile sikumwona akinywa, lakini pia sikuwa naye tangu asubuhi. Sauti yake kwenye radio niliisikia kwa masikio yangu, na ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa, si ya mtu aliyekunywa pombe ya munkoyo. Ila neno langu peke yake halikutosha. Kwa hiyo siku nilipoingia Kamalondo na radio ya Ilunga kikapuni, nilichobeba hasa ni jina la Ilunga. Na mzee yule akanirudisha nikalete na mwenzake!

Kuwapata hao wenzake, radio za juu, kulichukua majuma. Watu wa juu hawakutaka kupanda gari moja na watu wa chini. Katikati ya kuwabembeleza nilikwenda Kamalondo mara nyingi, nikitumaini mzee atalegea. Hakulegea. Lakini aliniachia nafasi karibu na mlango, nikamwona akifanya kazi.

Kwanza aliifuta radio kwa kifutio cha penseli, pale kwenye vichwa vidogo vya shaba ambapo kamba inashikia. Alifuta polepole, akapuliza, akafuta tena. Aliniambia kwamba nusu ya radio zinazoitwa zimekufa ni uchafu wa vidole tu. Kisha alipima betri. Betri isiyojaa haikupanda mezani kwake, kwa sababu radio ikizimika katikati ya kuandikwa inabaki haina neno la zamani wala jipya, na kuifufua ni kazi ya siku nzima kama inafufuka. Halafu aliifungua kompyuta yake nene, ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na mpira wa baiskeli, akangoja. Ile kompyuta iliamka kama mgonjwa. Yeye aliingoja kwa upole ambao hakumpa binadamu yeyote.

Na hakuandika kabla ya kusoma. Hata ungekuwa na haraka gani, hata ungejua mwenyewe unachotaka kiandikwe, yeye alisoma radio kwanza, akaweka pembeni yale aliyoyakuta, ndipo akaandika.

"Kuandika mbele ya kusoma," alisema, "ni sawa kuzika muntu bila kumufunua sura."

Nilipenda msemo huo. Lakini nimeahidi kusema na mengine. Mtu huyu aliyewafukuza watu wakalete wenzao, yeye mwenyewe alifanya kazi peke yake na kula peke yake. Kwenye avenue, ile barabara kubwa, kulikuwa na fundi wa radio mpya, kijana mwenye adabu, aliyekuja mara kadhaa kumwomba msaada wa programu za zamani. Papa wa Foni alimjibu négatif bila kuinua macho. Alikuwa na simu, nayo ililia mezani mpaka ikachoka; hakuipokea, na mtu akimwambia "papa, simu", alijibu kwamba simu ni ya watu wasio na kazi. Jumapili alikwenda misa ya kwanza na kukaa benchi ya mbele kabisa, chini ya kipaza sauti kikubwa ambacho watu wote wanakikimbia kwa sababu kinapasua kichwa. Nilimwuliza anavumiliaje. Alinitazama midomo, kisha akasema: "Bien reçu." Halikuwa jibu. Nikaona ni dharau nyingine, nikaiongeza juu ya zile za mwanzo.

Aliyewaleta watu wa juu hakuwa mimi, alikuwa Mama Mwape. Alisimama kwenye mkutano, akafunga kitambaa chake vizuri.

"Mi njo nilipoteza," akasema, yaani yeye ndiye aliyepoteza. "Na mi ninataka kujua. Mwenye kuogopa radio, abakie ku nyumba."

Hakuna aliyetaka kuonekana anabaki. Hata mwenyekiti wa juu, ambaye tunamwita Président, alivaa koti. Yeye alipitia kwanza avenue, akamchukua yule fundi kijana awe shahidi, ili mzee wa chini asitudanganye, alisema. Papa wa Foni hakuwa wa chini wala wa juu, lakini acha nisonge mbele.

Tulipopanga radio zote nane juu ya meza yake, mzee alizihesabu kwa kidole, akavuta kiti, akanikaribisha. Mara ya kwanza.

"Sasa njo mumefika," akasema. "Ba juu, kila mutu na yake, kona ya ba tailleur. Ba chini, kule ku butiki. Président, uite. Mwenye anaitwa, ajibu. À vous."

Yeye akaenda kusimama karibu na Président. Président akabonyeza.

"Ilunga, unanisikia?"

Sisi wa chini, pale mbele ya butiki, yaani duka, tulimsikia katika radio zetu zote. Ilunga akabonyeza yake.

"Ninakusikia, Président. Ninakusikia muzuri."

Ng'ambo, radio ya Président ikawasha taa yake ya kijani, ikakaa kimya. Président akainua mikono, akapiga kelele kwa kinywa chake mwenyewe:

"Munaona? Hajibu! Hata leo, mbele ya bantu, hajibu!"

"Nimejibu!" Ilunga akalia toka butiki.

"Amejibu, papa!" mafundi wa kushona wakaingilia, maana walikuwa katikati. "Siye tumemusikia na masikio yetu!"

Mtaa mzima ukaanza kubishana. Papa wa Foni hakumtazama Ilunga wala Président. Macho yake yalikuwa kwenye ile taa ndogo. Akamfanya Ilunga ajibu tena. Kijani, kimya. Akampa radio Mama Mwape, Ilunga akamwita na yeye. Kijani, kimya. Kisha akarudi ndani, sisi sote nyuma yake kama watu wa msiba.

"Taa inawaka. Sauti inafika mpaka ku mulango, mulango njo inakatala. Ba chini banasikia ba juu, ba juu habasikie ba chini. Hii haiko bugonjwa. Hii iko maandiko. Kuko muntu aliandika."

Nikamwona Ilunga akikaa chini, pale pale kwenye sakafu.

Basi isomwe. Mzee akafuta shaba, akapima betri, akafunga kamba, akangoja. Kompyuta ikasema haioni radio. Akaanza upya. Haioni. Akalaumu umeme. Akalaumu mashine za kushona zinazokula umeme. Yule fundi kijana alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Mwishowe hakuvumilia, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mzee.

"Papa, samahani. Kamba yako imekatika mu ndani. Angalia: nikiikunja hivi, taa inakuya. Nikiiachilia, inaenda."

"Négatif."

Kijana akaikunja, akaiachilia, akaikunja. Taa ikaja, ikaenda, ikaja. Papa wa Foni alitazama kwa muda. Naliandika hili kwa sababu wengine husimulia siku ile kana kwamba mzee alijua kila kitu.

"Affirmatif," akasema. "Kosa iko kwangu."

Kijana alikuwa na kamba nzima, mpya, lakini ilikuwa na kichwa kisichoingia kwenye kompyuta ya mzee. Iliingia kwenye kompyuta ya kijana mwenyewe, aliyokuja nayo. Na kwenye yake programu ya zamani haikuiona. Alisema amehangaika nayo mwaka mzima. Tangu kompyuta yake ya kwanza ilipokufa, hajaweza tena kusoma radio za aina hii, ndiyo sababu alikuwa akiomba msaada. Mzee akainua kichwa.

"Kamba imeingia mulango ya ngapi?"

Kumbe kila kamba ikiingia kwenye kompyuta inapewa namba ya mlango. Kompyuta mpya ina milango mingi, ilikuwa imeipa kamba mlango wa kumi na moja. Programu ya kale inajua milango minne ya kwanza tu. Mingine yote kwake ni ukuta. Kijana akapiga paji la uso wake. Akaandika mlango wa pili, akabonyeza kusoma, na radio ya kwanza ikaanza kusomwa, mstari mweusi ukijaa taratibu kwenye kioo. Nilimwona Papa wa Foni ameweka mkono juu ya bega la yule kijana, sidhani kama alijua ameuweka.

Walizisoma zote nane. Radio nne za chini zilikuwa wazi. Nne za juu zilikuwa na toni. Toni ni sauti ndogo ambayo sikio halisikii, radio inaitumia kama ufunguo: ukiweka toni upande wa kusikia, radio yako inafungulia wale tu wenye toni hiyo. Wengine wote wakiita, taa itawaka, sauti haitatoka. Watu wa juu walisikiana wenyewe kwa wenyewe. Sisi wa chini tuliwasikia wote. Sisi hawakutusikia hata mara moja, na walidhani tunawanyamazia kwa dharau.

Yule kijana akaacha kubonyeza.

"Papa," akasema, na sauti yake ilikuwa chini, "hii iko mukono yangu. Bananiletea nne, mbele ya kiangazi ile. Mi sikujua habari ya moto. Niliandika vile banaomba."

"Nani aliomba?" Mama Mwape akauliza.

Président alikuwa anatazama kofia yake. Angeweza kukanusha. Kijana hakumtaja jina. Lakini hakukanusha, na hilo nalo niliandike.

"Ni miye," akasema. "Nilimwambia atoe makelele. Ba chini banasemaka asubuhi mpaka mangaribi: mbuzi ya fulani, mukutano ya ba mama, nani alikata maji. Kichwa ilikuwa inaniuma. Nilizani makelele tu njo itatoka. Neno ya maana, nilizani itapita."

Nafikiri kila mmoja wetu, pale alipo, angeweza kudhani vile vile.

"Radio haijuake neno ya maana," Papa wa Foni akasema. Hakusema kwa hasira. Akamgeukia kijana: "Andika. Toa toni. Betri iko?"

"Iko, papa."

"Andika."

Radio zilipokuwa tayari, mzee akatupanga tena barabarani, juu huku, chini kule, kama vile hakuna kilichotokea. Akamrudisha Président kona. Président akabonyeza, akaachilia, akabonyeza tena. Sauti yake ikatoka kwenye radio zote kwa pamoja, butiki mpaka kona, na mafundi wakatoa miguu kwenye mashine.

"Ilunga. Uliita. Siye njo tulifunga. Mama Mwape, ba ndimu yako iko juu ya kichwa yangu. Na shamba ya Ilunga inabakia ya Ilunga, ninasema mbele ya bote..."

"À vous," Papa wa Foni akamkumbusha.

"À vous," akasema Président.

Ilunga alibonyeza. Kisha: "Bien reçu."

"Na mi," Mama Mwape akasema kwenye radio yake, "yangu na Président tutaizungumuza ku nyumba. Ile haiko ya radio."

Hapo mtaa wote ukacheka, na Président naye, kidogo. Mvua za kwanza zilipoanguka alimpelekea miche ya ndimu, akachimba mashimo mwenyewe, akiwa amevaa koti lile lile. Mama Mwape alisimama akimwonyesha mahali.

Tulipokuwa tunaaga, Papa wa Foni alimzuia yule kijana mlangoni.

"Siku ya posho uko na nafasi?"

"Niko nayo, papa."

"Kuya. Leta na kamba yako."

Tangu hapo kila posho, yaani Jumamosi, walikaa wawili. Nilipopita niliwakuta wanakula sahani moja.

Kisha mzee akahama. Binti yake alimchukua kwenda kuishi Kasumbalesa, meza ya Kamalondo akamwachia kijana pamoja na programu zote. Sikupata kumuaga. Na kiangazi kilichofuata, moto ulipokwisha pita kwetu, niliona kwamba kuna mtu ambaye hajapewa habari, nikachukua kikapu nikaenda.

Nyumba ya binti yake iko nyuma ya barabara ya malori, pale yanaposimama kungoja kuvuka kwenda Zambia. Injini haziachi kuunguruma. Binti alikuwa anapakua chakula cha madereva; nilipomtajia baba yake alifuta mikono, akanivuta pembeni.

"Mama, usimusemeshe na kinywa. Papa hasikie."

"Tangu lini?"

"Aa, tangu zamani! Tangu ku foni. Ile makelele yote mu shikio, myaka na myaka. Anafichaka tu. Radio njo anasikiaka, akiibandika hapa," na akagusa mfupa wa shavu, karibu na sikio.

Nilisimama pale na kikapu changu, na vitu vikaanza kunirudia kimoja kimoja. Simu iliyolia mpaka ikachoka. Benchi chini ya kipaza sauti. Macho kwenye midomo yangu, macho kwenye ile taa ya kijani, kuku na samaki. Kona ya mafundi. Hakuwa anatufukuza. Alikuwa anatupeleka mahali ambapo angeweza kutusikia. Lile neno majivuno bado liko pale nilipoliandika, sikulifuta, nimeandika tu pembeni yake kwamba nilisoma vibaya.

Alikuwa ameketi uani, mgongo kwenye ukuta, amekonda. Aliponiona hakusalimu. Alitazama kikapu.

"Na mwenzake?"

Nikatoa radio ya kwanza, yangu. Nikatoa ya pili, ya Ilunga. Akazishika zote mbili, akazigeuza, akafuta shaba kwa pindo la shati, akatazama kama betri zimejaa. Zilikuwa zimejaa, mimi ni Mama Chargeur. Akabaki na moja, akanirudishia nyingine, akaninyooshea kidole mlango. Nikatoka bila kungoja neno.

Nikapita lori, nikapita jingine, mpaka nilipopata nafasi kati ya magurudumu ambapo vumbi halikuwa jingi. Madereva wawili waliokuwa wanapika chai chini ya tela wakanitazama. Nikabonyeza.

"Papa wa Foni, Papa wa Foni, hapa Mama Chargeur. À vous."

"Ninakupata wazi, tano kwa tano, Mama Chargeur. Sema."

Nikasema. Nilisema kwamba moto ulikuja tena, mwezi wa nane, na tena toka chini. Kwamba Ilunga aliita, na kabla hajamaliza Mama Mwape alikuwa ameshajibu toka juu. Kwamba Président aliteremka na watu wote wa juu, na matawi, na majembe, wakakata nyasi mbele ya moto, chini na juu pamoja, mpaka ukafia kwenye kijito. Kwamba ghala zote zimesimama. Kwamba ndimu za Mama Mwape, zile changa, zimeungua majani upande mmoja tu, na tayari zinachipua. À vous.

Nikaachilia kitufe. Lori moja likasogea, likasimama. Nikafikiri labda ukuta umezuia, labda betri, labda nimesema haraka. Kisha taa ya kijani ikawaka mkononi mwangu, na sauti yake ikatoka, karibu kabisa.

"Bien reçu, mama. Rudilia pale pa ba ndimu. À vous."

Madereva wakacheka. Nikabonyeza, nikarudia pale pa ndimu, neno kwa neno, polepole, kwa nguvu.